Tembo, Sange na Samaki wa Tope

Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wa Nachingwea na Liwale, na wa baadhi ya vijiji vya Ruangwa, mkoani Lindi, wamelazimika kulala mashambani na madebe ya kupiga na mienge ya moto. Tembo wanaingia. Wanamaliza mahindi kwa usiku mmoja, wanavunja matawi ya mikorosho, na wapo watu waliopoteza maisha. Kwenye mikutano ya vijiji mazungumzo huelekea moja kwa moja kwa askari wa wanyamapori, kwenye uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na kwenye kifuta jasho cha mazao au kifuta machozi cha familia zilizofiwa. Ni mazungumzo ya lazima. Shuleni, hata hivyo, jambo lilelile huingia kwa mlango mwingine.

Mwalimu mmoja kijana wa Nachingwea alimpigia simu mwalimu wake wa zamani, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Darasa linaendaje?"

"Darasa linaenda, mwalimu, ila nimeulizwa swali. Mtoto wa darasa la nne kanyoosha mkono: hawa tembo walikuwa wanakaa wapi kabla ya kuja kwetu? Kitabu kinanipa makundi ya wanyama, mamalia na wenzake. Makazi yako sura nyingine huko mbele. Hili swali liko katikati."

Swali kweli lilikuwa katikati, na ndipo lilipokuwa siku zote mwandishi alipofundisha sayansi kusini: kwanza Nachingwea, wakati Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo kabla ya kutengwa mwaka 1995, kisha katika kijiji kimoja cha Ruangwa kisicho mbali na Mto Mbwemkuru. Vitabu hugawa mada hizo mbili. Kwanza mtoto anaambiwa viumbe hai vinaainishwaje. Baadaye sana, mara nyingi muhula mwingine, anaambiwa vinaishi wapi. Mambo aliyoyaona mwandishi darasani na nje ya darasa yanaonyesha kwamba kwa mtoto ni somo moja. Asiyejua kiumbe ni nani hawezi kutambua kwamba kimeondoka, na asiyejua kiliishi wapi hawezi kueleza kwa nini.

Nachingwea ya miaka ile ubao ulikuwa na safu tano: samaki, amfibia, reptilia, ndege, mamalia. Wanafunzi walizitaja kwa sauti moja, kwa mapigo, na mkaguzi angepita dirishani angeridhika. Siku moja mwandishi aliuliza kakakuona anaingia safu gani. Darasa likapasuka. Wengi walisema reptilia, maana ana magamba. Msichana mmoja, aliyewahi kumwona kakakuona pamoja na babu yake, alisema hapana: alikuwa jike, na kitoto kilikuwa kimemng'ang'ania juu ya mkia. Mwingine akasimulia jinsi wazee wanavyomwekea kakakuona unga, maji na mshale ili waone atachagua nini, na kwa hilo wajue kama mwaka utakuwa wa shibe, mvua au vita.

Mjadala ulichukua kipindi kizima. Je, gamba lina uzito kuliko maziwa? Gamba la kakakuona limeumbwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha za binadamu, na mtoto wake hunyonya. Watoto walimhamisha wenyewe kutoka safu ya reptilia hadi ya mamalia, na aliyefuta jina ubaoni alikuwa yuleyule aliyekuwa ameliandika. Mwandishi akawaambia kwamba hata Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya viumbe unaotumika duniani kote, aliwaweka nyangumi pamoja na samaki katika kitabu chake cha mwaka 1735, na ni katika toleo la mwaka 1758 alipowahamishia kwa mamalia. Baada ya siku ile swali la darasa halikuwa tena "ni kundi gani?" bali "kwa sifa ipi?" Swali hilo la pili ndilo sayansi yenyewe. Kakakuona naye amezidi kuwa adimu: mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya spishi zake zote nane, kwa sababu ya wingi wa waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya magamba na nyama.

Somo lililomkaa mwandishi moyoni kuliko yote lilitokana na karanga.

Nachingwea haiwezi kusimuliwa bila karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, iliidhinisha mpango mkubwa wa kulima karanga Afrika Mashariki: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndizo zilizochaguliwa Tanganyika. Reli ilijengwa kutoka pwani, bandari yenye kina kirefu ikachimbwa Mtwara, matrekta yakashushwa melini. Mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walikuwa bado hai miaka ya 1990, na mmoja wao alikubali kuja shuleni.

Mzee yule hakuzungumzia pauni. Alizungumzia miti. Alieleza jinsi mashine mbili zilivyotembea sambamba zikivuta mnyororo mnene kati yao, na pori likalala chini mbele ya macho ya watu. Wanafunzi wakamuuliza miti gani. Akaanza kuitaja mmoja mmoja kwa Kimwera, na watoto walioijua wakaitafsiri. Mingine hakuna aliyeijua.

Wiki iliyofuata darasa lilitoka. Kila kundi lilitakiwa kurudi na ganda lenye mbegu, la mmea wowote. Mezani vikakusanyika maganda ya karanga, mbaazi, choroko, kunde na njugumawe kutoka mashambani. Kutoka porini yakaja maganda membamba ya mpingo, ganda la mviringo la mninga lenye miiba katikati, na maganda magumu ya miombo, yale yanayopasuka kwa kishindo wakati wa kiangazi na kujisokota. Waliambiwa wayapange bila kuambiwa kwa kigezo gani. Kundi moja liliweka chakula huku na mbao kule. Kundi jingine lilitenga miti na mimea ya kulimwa. Kundi la mwisho, la watoto waliokaa nyuma na ambao walizoea kunyamaza, liliweka kila kitu rundo moja. Walipoulizwa sababu, kijana mmoja alichukua ganda la mbaazi na la mwombo, akayafungua yote mawili kwa kidole gumba, akaonyesha: mshono upande huu, mshono upande huu, mbegu zimeshika ukuta mmoja.

Alikuwa sahihi kabisa. Mpingo, mninga, miombo, mbaazi na karanga ni ukoo mmoja wa mikunde. Mpingo unaochongwa vinyago na Wamakonde, na ambao huko Ulaya hutengenezwa klarineti, ni jamaa ya kunde zilizokuwa sufuriani nyumbani. Ukichimba mizizi ya mche wa karanga utakuta vinundu vidogo, na ndani yake bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza mbolea. Mpingo nao una vinundu vyake. Kwa hiyo mashine za mwaka 1947 na kuendelea zilikuwa zinang'oa ukoo wa karanga ili kupanda karanga. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha maswali yakaja kwa fujo. Udongo ule ulikuwa unalishwa na nani kabla? Na ulipobaki mtupu juani, nani aliulisha?

Watoto wa Nachingwea walikuwa wanaishi juu ya tukio ambalo vitabu vya historia hulisimulia kama hesabu ya hasara ya Waingereza. Kwa maganda kumi na mawili mezani walilisoma kama historia ya ardhi yao.

Kutoka hapo uyoga ulijileta wenyewe. Msichana mmoja alisema bibi yake analalamika kwamba uyoga umehama, kwamba zamani mvua zikianza mtu alijaza ungo kabla jua halijapanda, na sasa hutembea hadi mguu uume. Kitabu kilikuwa kimeeleza tu kwamba uyoga si mmea, kwamba una himaya yake ya fangasi. Watoto walilikubali hilo kwa sababu mwalimu amesema, si kwa sababu liliwahusu. Lakini uyoga mwingi unaoliwa kusini umefungamana na mizizi ya miombo: fangasi hupeleka maji na madini kwenye mti, mti hurudisha sukari. Ukikata miombo ili upande ufuta, umekata na chakula cha uyoga. Uyoga mwingine, ule wa vichuguuni, hulimwa na mchwa ndani ya viota vyao, nao hubaki shambani mradi kichuguu hakijabomolewa. Bibi wa mtoto yule aliombwa ushahidi kupitia mjukuu wake: ni uyoga upi umehama, na upi umebaki? Jibu lilirudi kesho yake, na liligawanyika kwa mstari uleule. Wa mitini umepungua, wa vichuguuni bado upo.

Bibi alikuwa ameainisha miaka yote. Alihitaji kuulizwa tu.

Vivyo hivyo kwa majimoto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani ya mikorosho kuwa nyumba. Wavulana walizoea kuzichoma kwa sababu wakwezi wanaumwa. Mikorosho miwili nyuma ya shule iliachwa na majimoto wake, mingine ikachomwa kama kawaida, na watoto wakahesabu machipukizi meusi yaliyofyonzwa na kunguni wa mikorosho. Tofauti ilionekana kwa macho, bila kikokotoo. Watafiti wa korosho nao wamewafanyia kazi majimoto kama walinzi wa mikorosho dhidi ya wadudu wafyonzao. Mtoto anayejua kwamba mdudu mmoja anakula mti na mwingine anamla mla mti hatawaita wote waharibifu.

Alipohamia Ruangwa, mwandishi alikuta watoto wanaojua usiku kuliko mchana. Kutoka kijijini, milima ya upande wa Rondo ilionekana asubuhi zisizo na ukungu. Katika misitu ya nyanda za Rondo anaishi komba mdogo mno, wa takriban gramu 60, ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la mahali hapo: rondoensis. Wataalamu walimtambua rasmi kama spishi ya pekee katika miaka ya 1990, na moja ya sifa zilizomtenga na komba wengine ni mlio wake. Watoto waliposikia hivyo hawakushangaa. Wakaanza papo hapo kuiga komba wa kijijini, kwanza mkubwa anayelia kama mtoto mchanga, kisha wadogo, huyu analia mfululizo, huyu anakatiza. Walikuwa na uainishaji kamili masikioni ambao hakuna aliyewahi kuwaomba. Rondo imekatwa mivule kwa miaka mingi, na sehemu ya msitu wa asili ilibadilishwa kuwa shamba la misonobari. Mwandishi aliuliza: komba anayelala kwenye kichaka kinene atalala wapi kwenye mistari ya misonobari? Msichana mmoja alijibu kwamba kwanza tusikilize usiku kama bado analia. Ni jibu la mtafiti.

Mabwawa ya msimu ndiyo yaliyokula muda mwingi zaidi Ruangwa, na mwandishi hajutii hata dakika moja.

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Katika miezi hiyo mabonde hujaa vidimbwi, na ndani yake huonekana samaki wadogo. Dume limepakwa rangi nyekundu na buluu kana kwamba limetoka sokoni. Kiangazi bwawa hukauka mpaka ardhi ikapasuka, ng'ombe wakapita juu yake. Mvua ikirudi, samaki wamo tena. Hakuna mto uliounganishwa na bwawa hilo. Karibu kila mtoto alikuwa na maelezo aliyopewa nyumbani, nayo ni kwamba samaki hao hushuka na mvua.

Mwandishi hakuwabishia. Aliuliza tu: kama wanashuka na mvua, mbona hawaangukii paani? Wakacheka, kisha wakawaza. Mwanafunzi mmoja alipendekeza kwamba labda wanajificha kama kambare, ambaye huweza kuvuta hewa na kukaa topeni kwa muda. Walichimba bwawa kavu kwa jembe, hawakupata samaki. Wakapendekeza mayai. Hapo ndipo masufuria na mabeseni yalipoanza kutoka majumbani kwa ruhusa na bila ruhusa. Tope kavu kutoka katikati ya bwawa liliwekwa katika beseni moja, udongo wa shambani katika jingine, tope la ukingoni katika la tatu. Yote yakamwagiwa maji ya mvua na kufunikwa kwa chandarua ili mbu wasitage. Beseni la shambani lilitoa maji machafu. La ukingoni halikutoa kitu. Katika lile la katikati, baada ya majaribio kadhaa ya matope tofauti, vilionekana vitu vyembamba kama vipande vya uzi vyenye macho mawili, vikienda kwa kushtuka.

Hao ni samaki wa jenasi Nothobranchius, ambao spishi zao kadhaa hupatikana katika mabwawa ya msimu ya pwani na kusini mwa Tanzania. Wazazi hutaga ndani ya tope na kufa bwawa likikauka. Kijusi ndani ya yai husimamisha ukuaji wake miezi mizima, kikingoja mvua. Jamaa yao wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, ameonekana akikomaa porini wiki mbili tu baada ya kuanguliwa, na maabara za Ulaya na Marekani humfuga ili kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Watoto wa Ruangwa walisikia kwamba wanasayansi wa mbali wanalipia mabeseni ya vioo na umeme kwa ajili ya ndugu wa samaki waliomo bondeni kwao, na hadhi ya lile bwawa ilipanda ghafla.

Kisha likaja jambo ambalo halikupangwa. Sehemu ya bonde ilifukiwa ili watu wapate pa kupita, na kando ya barabara pakachimbwa mashimo ya kifusi. Mvua iliyofuata mashimo yakajaa. Watoto walisema mabwawa yameongezeka, si yamepungua. Wengine wakasema maji si bwawa. Wakaenda na chujio. Kwenye mashimo mapya walikuta viluwiluwi vya vyura, viluwiluwi vya mbu na mende wa maji, ambao wao au wazazi wao hufika kwa mabawa au kwa kuruka. Samaki wa tope hawakuwemo. Ni hapo mtoto wa miaka kumi na mmoja alipoeleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini makazi yaliyoharibiwa hayalipwi kwa kuchimba mengine yanayofanana nayo: mayai yako kwenye tope la zamani, na tope la zamani liko chini ya barabara.

Mwandishi amewahi kusikia jambo hilo likielezwa na watu wenye shahada. Halikuelezwa vizuri zaidi.

Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu walielekezwa mikoa ya kusini na pwani, Lindi ikiwemo. Kwa vizazi vingi mbung'o walikuwa wamefanya sehemu kubwa ya pori la kusini isifugike ng'ombe, na sasa makundi makubwa yakapita. Nyumbani kulikuwa na minong'ono na kwingine ugomvi. Darasani wakaingia watoto wachache wa Kisukuma na Kibarabaigi, wakakaa pembeni. Ilipofika siku ya kukusanya nyasi, hao wageni ndio waliosimama mbele. Mtoto wa Kimwera aliona majani. Mtoto wa mfugaji aliona lile linalotoa maziwa, lile linalovimbisha tumbo la ndama, lile linaloota baada ya malisho kuchoka. Lakini hakuujua hata mti mmoja wa miombo. Wakaanza kubadilishana, huyu anafundisha nyasi, yule anafundisha miti. Baada ya msimu mmoja, mtoto wa mfugaji na wa mkulima walionyesha pamoja kwa kidole mahali palipokuwa na nyasi ndefu na sasa pana jani fupi la malisho yaliyochoka. Hawakukubaliana nani alaumiwe, ila walikubaliana walichokiona. Katika wilaya ambako watu wazima walikuwa hawajafika hata hapo, hilo lilikuwa si dogo.

Na tembo je? Mwandishi alimsimulia mwalimu yule kijana kisa cha sange.

Mvulana mmoja alikuja na sange aliyemnasa kwa tanzi, mnyama wa ukubwa wa panya buku, mwenye pua ndefu inayocheza kila upande. Darasa likamweka na panya. Wengine, kwa kuwa anakula wadudu, wakamweka na kirukanjia, na kwa zaidi ya karne moja wataalamu nao walikuwa wakimweka huko. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sange, pimbi, muhanga, nguva na tembo wanatokana na ukoo mmoja wa kale uliokulia Afrika, ulioitwa Afrotheria mwaka 1998. Jamaa wa tembo alikuwa pale kwenye kikapu, akinusa. Darasa lilicheka sana. Kisha mtoto mmoja akauliza kama vitabu vimeshabadilishwa, na mwandishi akajibu kwa mfano wa nyumbani Lindi: yule mjusi mkubwa wa kale aliyefukuliwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, aliitwa Brachiosaurus tangu mwaka 1914. Mwaka 2009 mtafiti Michael Taylor alipima tofauti zake na mwenzake wa Marekani na kuthibitisha kwamba anastahili jina lake, Giraffatitan. Na pale Tendaguru, kati ya tabaka zenye mifupa, kuna tabaka zilizojaa kombe za baharini, kwa kuwa miaka milioni 150 hivi iliyopita bahari ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya nchi ambayo leo watu wanapanda mihogo.

"Kwa hiyo nianze na sange?" aliuliza mwalimu kijana.

Aanze na sange, kisha aende kwa tembo kwa namba. Mwaka 1976 sensa ilihesabu zaidi ya tembo 109,000 katika mfumo ikolojia wa Selous. Mwaka 2013 walibaki takriban 13,000, baada ya mawimbi ya ujangili. Mwaka 2014 Selous ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wazazi wengi wa watoto wa leo walikua katika miaka ambayo tembo walikuwa wameuawa au wamejificha. Wakafungua mashamba wakidhani pori ni tupu. Watu wa Mkoa wa Lindi walikuwa 864,652 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 1,194,028. Bei ya korosho ilipopanda, mikorosho mipya ikasogea. Sasa tembo wanapita tena njia ambazo mama zao walizipita kwenda Ruvuma na Niassa, na njiani wanakuta ufuta. Jibu la mtoto wa darasa la nne liko humo: wengine walikuwa wanapita hapahapa, kabla yenu.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatia toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, unasisitiza umahiri, kwamba mtoto aweze kufanya na si kutaja tu. Mwandishi anaufurahia kwa dhati, na ana wasiwasi mmoja. Darasa la wanafunzi wengi, mwalimu mmoja na mtihani wa kuchagua herufi litarudi haraka kwenye safu tano za ubaoni ikiwa mwalimu hatapewa saa za kutoka nje. Hakuna kifaa cha gharama kilichotumika katika visa hivi. Yalihitajika mabeseni, maganda, bibi aliye tayari kuulizwa, na ruhusa ya mwalimu mkuu.

Mwalimu kijana ameshaanza. Wanafunzi wake wamechora ramani ya kijiji kwenye karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi, na kila mmoja alitumwa kwa mzee mmoja na swali moja: ukiwa mtoto, tembo walipita wapi? Mistari ya wazee imechorwa kwa penseli nyekundu, na mingi inapita kwenye mashamba yaliyofunguliwa katika miaka kumi iliyopita. Miwili inapita kwenye eneo ambalo kamati ya ardhi ya kijiji inafikiria kuligawa mwaka huu, na mwenyekiti wa kamati hiyo, ambaye mjukuu wake yumo darasani, ameomba ramani ibandikwe ofisini kabla ya kikao. Watoto wamekubali, kwa sharti kwamba wapewe nafasi ya kwenda kueleza wenyewe.